Mkono Uliotoka kwenye Buibui la Mama

Mwaka jana, katika matanga ya Bakari wa Mbwajumali, nilikaa karibu na dirisha. Ndani wanawake walikuwa wamefukiza udi, na mabuibui yao yalikuwa yamekunywa moshi wake. Nje, chini ya dirisha hilo hilo, mwanamume mmoja alikuwa akivuta sigara. Harufu mbili zikakutana puani mwangu, nami nikainuka ghafla nikaenda msalani kutapika. Wenzangu walidhani ni huzuni. Bi mmoja alinisugua mgongo akisema, "Lia, mama, lia. Usijizuie." Huzuni nilikuwa nayo, sikatai. Lakini kilichonitapisha kilikuwa kinyaa, na kinyaa chenyewe kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini.

Nitawasimulia kama nilivyoona. Sina elimu ya kupamba maneno. Niliishia darasa la saba. Tena katika kisa hiki hakuna aliyetoka msafi, hata mimi.

Baba yangu, Mwalimu Athmani, alisomesha hesabu na Kiswahili katika shule yetu pale Amu, mnapopaita Lamu. Alikuwa mwembamba, na mfuko wa kanzu yake haukukosa vumbi la chaki. Tukimkumbatia tulipiga chafya. Kila Jumatatu aliandika juu kabisa ya ubao, *Ndia ya mwongo ni fupi*, na maneno hayo hayakufutwa mpaka Ijumaa. Mwalimu mmoja wa bara alimwambia kitabuni imeandikwa njia. Baba akamjibu, "Mwongo wa kwenu hupita njia, Bwana. Wa kwetu hupita ndia. Wote hawafiki mbali." Alicheka peke yake kwa mzaha huo kwa muda wa wiki nzima.

Alifariki kwa homa ya matumbo, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi. Siku tisa tu, na mtu aliyekuwa akibeba ndoo mbili za maji kutoka kisimani akawa hawezi kunyanyua kikombe. Aliyemwosha alipokufa ni rafiki yake mkubwa, Mwalimu Famau, aliyetufundisha useremala na nyimbo. Nilimwona Mwalimu Famau akitoka chumbani baada ya kumwosha, mikono imelowa hadi viwikoni, akilia bila sauti. Mikono hiyo niliijua vizuri. Kucha ya kidole gumba cha kulia ilikuwa nyeusi na imepasuka, kwa nyundo iliyompiga zamani, na vidole viwili vilikuwa vya manjano kwa sigara. Siku ile nilimpenda kama baba wa pili.

Nyumbani kwetu alikuwa akikaa Bakari, kijana wa Mbwajumali, kisiwani Pate. Baba yake alikwisha kufa, mama yake alikuwa na kishamba cha tumbaku huko kwao. Baba yangu alimchukua kwa sababu alikuwa na akili ya hesabu ambayo, kwa maneno ya Baba, "haifai kuachwa ikaushwe pamoja na majani ya tumbaku." Jioni walikaa barazani na kibao cha kuandikia, na sisi tulikatazwa kupita katikati yao. Bakari alikuwa darasa la mwisho. Baba alipougua sana, maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka hayakuwa juu yetu watoto wake. Alimshika Mama mkono akasema, "Bakari aende Mombasa." Nakiri kwamba nilimwonea wivu Bakari kwa maneno hayo, tena kwa muda mrefu.

Mama akaingia eda. Kwetu mjane akikaa eda huitwa kizuka. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, hajipambi, hatii manukato, wala haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Bakari ilibidi ahame siku ile ile, akaenda kukaa kwa Mwalimu Famau. Mama akawa chumba cha ndani, na nguo nyeupe isiyo na nakshi. Buibui lake zuri, la kuendea harusini, lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, likinuka udi wa siku za zamani. Nilikuwa nikipita naliinamia, nanusa, naenda zangu.

Hazikupita wiki tatu, walimu wakakutana wakaamua kila mmoja akatwe kidogo katika mshahara wake, ili kila mwaka mwanafunzi mmoja anayemaliza apelekwe sekondari kwa jina la Baba. Waliuita Ukumbusho wa Mwalimu Athmani, na wa kwanza kupewa angekuwa Bakari. Hapa niseme haki: hakuna aliyewalazimisha. Walikuwa na watoto wao, na mishahara yenyewe ilichelewa. Mama aliposikia, aliinamisha kichwa akasema, "Mola awalipe."

Lau mambo yangekomea hapo, nisingekuwa na kisa.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mtu wa bara, mgeni wa miezi michache. Hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka tu, na alitaka kila jambo lionekane. Alimwandikia ofisa wa elimu kwamba kutakuwa na sherehe, na mjane wa marehemu atamkabidhi kijana barua kwa mkono wake. Ofisa akajibu kwamba atakuja mwenyewe na mpiga picha, na nafasi ya Bakari katika sekondari ya Mombasa ataitia sahihi siku hiyo hiyo, mbele ya familia.

Siku jibu lilipofika nilikuwa nimetumwa ofisini na daftari la mahudhurio. Nilisimama mlangoni. Ndani walikuwepo Mwalimu Mkuu, Mwalimu Famau, na Mwalimu Aboud, msaidizi wa Mwalimu Mkuu.

"Basi mama atakuja?" akauliza Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Aboud akatazama kofia aliyoishika mkononi. "Yuko eda, Bwana."

"Najua amefiwa, na pole. Lakini ni dakika tano. Hata hotuba hatatoa. Atakuja?"

"Inshallah," akasema Mwalimu Aboud.

"Inshallah," akaitikia Mwalimu Famau, naye akitazama kofia yake.

"Vizuri sana!" Mwalimu Mkuu akaandika kitu kwenye karatasi.

Nyinyi mnaotoka kwetu mmekwisha fahamu. Mtu wa Amu, hasa akiwa na adabu, hakutamkii hapana usoni. Hukwambia inshallah, kisha hutazama chini, na wewe ujue. Yule Bwana hakujua. Alisikia ndiyo, akaijengea jukwaa. Na wale wawili waliona vizuri kwamba amesikia ndiyo, wakashindwa kumrudishia neno moja dogo. Wasomi wawili wa Kurani, wakitazama kofia zao.

Siku zikawa zinakaribia, na ofisa ameshaandika kwamba atakuja kwa ndege mpaka Manda, kwani barabara ya Malindi haikuwa salama nyakati hizo. Asubuhi ya siku yenyewe, Bi Zuhura, mke wa Mwalimu Aboud, akaja kwetu. Aliingia kwa Mama, nami nikabaki nyuma ya pazia nikijifanya nafagia.

"Nimekuya kuazima buibui lako, Mwanakombo," akasema.

"La nini, na mimi sitoki?"

"Kuna mtu atakaa mahali pako. Dakika mbili tu. Watu wa bara watapiga picha, yambo liishe."

"Mwanamke gani wa Amu atajiita kizuka?" Mama akauliza. "Mwenye mume akijikalisha hapo si amwombea mumewe kifo? Na mjane mwenzangu atakubali aanze eda upya?"

"Tumezunguka mtaa mzima. Hakuna aliyekubali, hata mmoja."

"Sasa?"

Bi Zuhura akanong'ona. Sikusikia. Nikaacha kufagia, nikatega sikio.

Kisha Mama akauliza jambo moja tu. "Bakari atakwenda?"

"Atakwenda."

"Lichukue."

Shuleni walikuwa wametandika mikeka na kupanga viti mbele. Palikuwa na halwa kwenye sinia, na nzi wake. Wanafunzi tulisimama kwa madarasa. Ofisa alikuwa mtu mnene mwenye suti, jasho linamtiririka, mcheshi, akicheka na kila mtu. Katikati ya viti, chini ya bendera, alikaa mwanamke aliyejifunika gubigubi, uso umezibwa, mikono ndani.

Nililitambua buibui kabla ya kumtambua aliyekuwa ndani. Nilidhani Mama amevunja eda. Nilidhani amekuja kukaa katikati ya wanaume wote wale siku ya arubaini na saba, na maneno ya Bi Zuhura yalikuwa ya kunipumbaza mimi. Haya ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka.

Mwalimu Mkuu akasema mengi juu ya Baba, mengine ya kweli. Ofisa akasimama, akamwendea mjane, akanyoosha mkono. "Pole sana, mama." Walimu wote wakakohoa kwa pamoja, kama waliopaliwa na mwiba mmoja. Mjane akajikunja, akageuza bega. Ofisa akarudisha mkono wake akautazama, kisha akageukia umati. "Leo nimejifunza heshima ya wanawake wa Pwani," akasema. "Hii ndiyo heshima!" Tukapiga makofi. Mwalimu Aboud alipiga kuliko wote.

Kisha Mwalimu Mkuu akaniona. "Na binti wa marehemu yuko hapa. Njoo, njoo umsalimie mama, mpiga picha apate familia."

Nilikwenda. Miguu ilikwenda. Nilipoinama mbele ya lile buibui, udi wa Mama ulinijia, ule ule wa nyuma ya mlango, na ndani ya udi ukatoka moshi wa sigara. Ukatoka mkono. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi na imepasuka.

Nikaganda.

"Busu, mwana wangu," sauti ikanong'ona chini ya kitambaa. "Usicheke, usilie. Ni kwa ajili ya Bakari."

Ndio mkono uliomwosha baba yangu. Ulikuwa umetoka kwenye nguo ya mama yangu, ukinisubiri niubusu mbele ya watu mia mbili. Mtu huweza kuchukia jambo kwa akili. Mimi nililichukia kwa ngozi, kwa ulimi, kwa mizizi ya nywele. Nilitaka kuvuta ule ukaya uliomziba uso. Ningeuvuta, na wangemwona Mwalimu Famau na ndevu zake, na mpiga picha angepata picha.

Nilipogeuza uso nikamwona Bakari. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, amevaa kanzu ya Baba iliyokatwa pindo, akingoja zamu yake. Alikuwa akiutazama ule mkono. Alikula na mkono ule kwenye sahani moja wiki zote zile. Alifundishwa nao kushika randa. Alijua. Akanitazama. Hakunisihi kwa lolote, hakutikisa hata kichwa. Alinitazama tu kama mtu aliyesimama juu ya ubao mwembamba kati ya jahazi na bandari, na mimi ndiye niliyeushika.

Nikabusu. Nilisikia chumvi ya jasho na uchungu wa tumbaku. Kamera ikalia. Bakari akaja, akapokea barua kutoka kwenye mkono ule ule, akasema, "Ahsante, mama." Neno hilo alilisema kwa sauti safi. Ofisa akatia sahihi pale pale, juu ya goti lake.

Nyuma ya jengo nilimkuta Mwalimu Aboud na walimu wengine wawili wameegemea ukuta, wakicheka mpaka machozi yanawatoka, kile kicheko cha hofu iliyopita.

"Umeona alivyogeuza bega? Wallahi, nusura nimpose mimi!"

"Mngoje eda iishe, Bwana!"

Waliponiona wakanyamaza, mmoja akanipa kipande cha halwa. Nilikipokea kwa sababu nilikuwa na adabu. Nikakitupia kuku. Nikashuka pwani nikasugua midomo kwa mchanga na maji ya bahari mpaka ikatoka damu.

Buibui lilirudishwa alasiri hiyo hiyo, limekunjwa vizuri, na sinia la halwa juu yake. Nilimwona Mama akilichukua, akilisogeza puani, akiliweka chini. Aliniuliza, "Midomo imefanyani?" Nikasema nimeanguka. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa siku ile kwa maneno, na yeye hakuuliza la pili. Halwa akawapa watoto wa jirani.

Kesho yake nilikuta buibui limechanwa. Kipande kimoja kilikuwa jikoni, cha kufutia kibao cha samaki. Kingine kilifunika tenga la kuku. Kingine kilikuwa mlangoni cha kukanyagia miguu yenye matope. Lilikuwa buibui lake la pekee la maana, zawadi ya Baba. Nilikasirika. Nilidhani hajui kilichotendeka, na anaharibu kitu cha Baba kwa uzembe wa huzuni. Kwa muda wa miaka nilikuwa nikimlaumu kimoyomoyo: amewapa nguo yake waichezee, kisha hata kuitunza hakujua.

Mwalimu Famau hakukanyaga tena barazani kwetu. Hata eda ilipokwisha na Mama akaweza kupokea wageni, yeye alipita mtaa wa nyuma. Akinikuta njiani alificha mkono wa kulia ndani ya kanzu. Sigara aliacha, watu walisema ni kwa ajili ya kifua. Sikumwamkia mpaka akafa, na nilijivunia kutomwamkia. Leo sijivunii sana, lakini sitasema uongo: nikikumbuka ule mkono, bado midomo yangu hujikaza.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipomwuliza Mama kile Bi Zuhura alichonong'ona. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Alisema atakayekaa ni Famau."

"Ulijua? Na ukampa?"

"Baba yako aliniachia neno moja. Mimi niko ndani, siwezi kutoka. Walio nje wote wameshindwa kusema hapana. Ningesema mimi hapana, nani angelipia? Si wao. Ni mtoto wa watu."

"Na buibui?"

"Buibui nililipa haki yake," akasema. Akapuliza pumba, akaendelea.

Ndipo nikaelewa vile vipande. Kila siku, kwa miaka, mama yangu alifuta magamba ya samaki kwa kitambaa kile mbele ya macho yangu, na mimi nikadhani hana kinyaa.

Bakari alisoma Mombasa, akawa mwalimu wa hesabu, akasomesha bara na baadaye Pate. Alimtunza Mama kama mwanawe. Kila Idi alimletea buibui jipya, na Mama alilivaa. Siku moja tu tulizungumza juu ya jambo lile, tukiwa tumezeeka. Aliniambia, "Siku ile ungelia tu, Mwanaesha, ningekuwa nachuma tumbaku mpaka leo." Nikamwuliza kama naye alisikia kinyaa. Akasema, "Nilisema ahsante mama. Hebu jaribu wewe kulimeza hilo." Kisha tukacheka, lakini si sana.

Baba aliandika kwamba ndia ya mwongo ni fupi. Sijui angeandika nini kama angeona uongo wetu, uliovuka bahari mpaka Mombasa na kurudi na mwalimu. Nimelifikiria hili mara nyingi na sijapata jibu. Jema lilifanyika, na lilifanywa kwa uchafu, na sijaweza kuvitenganisha, kama usivyoweza kutoa moshi wa sigara katika udi vikishachanganyika.

Ule Ukumbusho ulikufa zamani. Picha ndiyo iliyobaki, ukutani shuleni. Katika matanga yale ya mwaka jana, nilipotoka msalani na kurudi kukaa, kijana mmoja mwalimu alikuwa barazani akisoma wasifu wa marehemu kwa wanaume, nasi ndani tukimsikiza. Alisoma vizuri. Alifika mahali akasema kwamba marehemu alipokea barua yake ya Mombasa kutoka kwa mkono wa mjane wa Mwalimu Athmani, bibi shujaa, aliyeacha majonzi yake nyumbani akatoka kwa ajili ya elimu, na picha yake ipo, na mabinti wa leo waige mfano huo. Wanawake wakanigeukia. "Mashallah, mama yako," wakasema.

Nami, mzee wa miaka yote hii, niliyewalaumu walimu kwa kutazama kofia zao, nilitazama mkeka. Nikasema, "Alhamdulillahi."

Ndiyo maana nimeandika. Mama hakutoka, hakuacha majonzi yake, wala hakuvunja siku hata moja ya eda. Yule wa kwenye picha si mama yangu. Mama yangu alikuwa ndani, na nguo nyeupe isiyo na nakshi, peke yake, anangoja aambiwe kama Bakari atakwenda.